Maharagi Bila Moshi

Vita vilipofika mtaani kwetu Butembo, kitu cha kwanza tulichojifunza kuogopa kilikuwa moshi wa jiko letu wenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, na mabati yake yalikuwa meusi kwa ndani kama tako la sufuria. Mama alipowasha kuni za mikaratusi, moshi ulijipenyeza kati ya mbao na bati, ukapanda taratibu juu ya mtaa. Kila nyumba ilikuwa na moshi wake. Ukisimama mlimani saa sita ya mchana ungeweza kujua nani anapika na nani bado, na hakuna aliyeona hatari katika jambo hilo.

Kisha wakaja askari ambao hakuna aliyewalisha. Walikuwa wa namna nyingi, na sisi watoto tuliwatofautisha kwa viatu tu: wenye buti za ngozi, wenye bote za mpira, wenye kandambili. Siku moja mchana watatu waliingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Hawakututukana wala hawakutupiga. Mmoja alifunua sufuria, akanusa, akasema neno moja la Kilingala, "Malamu," yaani vizuri. Akavua koti lake, akalizungushia sufuria asiungue mikono, akaondoka nayo. Sufuria nzima ya maharagi, pamoja na kifuniko na mwiko ndani yake. Mama alibaki amesimama mbele ya mafiga matatu, na moto ukiendelea kuwaka bila kitu juu yake.

"Balifwata moshi," alisema baadaye, kama mtu anayefikiri kwa sauti. "Kumbe ni moshi njo inabaleta."

Baba hakuwepo. Alikuwa na duka dogo la chumvi na sabuni, na wiki iliyotangulia alikuwa amepanda lori kwenda Kasindi, mpakani, kutafuta bidhaa. Nyuma yake mapigano yakaanza kwenye barabara ya Beni, na barabara ikafungwa. Hapakuwa na barua. Hapakuwa na dereva aliyesema amemwona. Mama alikuwa akienda misa kila asubuhi, akirudi anatuuliza mimi na mdogo wangu kama kuna mtu amepita. Hakusema mtu gani.

Baada ya kuibiwa ile sufuria, mama aliamua kupika alfajiri. Butembo iko juu milimani, na asubuhi ukungu hulala juu ya nyumba hadi jua lipate nguvu. Moshi ukiingia ndani ya ukungu huwezi kujua kipi ni kipi. Basi mama aliloweka maharagi jioni, akaamka kabla ya jogoo, na ukungu ulipoanza kupasuka alizima moto kwa maji, maharagi yakiwa yameiva au hayajaiva. Mchana tulikula yakiwa baridi. Alikuwa ameyakaanga kwa mawese kama alivyozoea, lakini kwa baridi ya kwetu mawese huganda, na tulipofunua chungu tulikuta tabaka gumu la rangi ya chungwa juu. Ukila, mafuta yanakushika kwenye paa la mdomo kama mshumaa.

Mimi nilikula kwa sababu nilikuwa mkubwa. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka mitano, alikataa. Alikuwa akiyaweka shavuni, anatoka nje, anayatema nyuma ya mgomba. Mama alipoyagundua pale chini hakumpiga. Aliyatazama tu. Baada ya wiki mbili, mifupa ya mabega ya yule mtoto ilianza kuonekana kupitia gauni.

Ndipo shangazi yangu alipotufikia. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, hakujaliwa mtoto, na alikuwa akiishi Beni, upande wa Mulekera, kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Askari walikuwa wameingia katika nyumba ile wakaifanya yao. Alitembea siku tatu kwa njia za mashambani, akaja na kikapu kimoja mgongoni. Ndani yake mlikuwa na kitenge, Biblia na kitabu cha nyimbo, kisu, na ndimu nyingi ambazo alizichuma kwenye mti wake siku ya kuondoka.

"Waliniambia nitoke," alituambia akiwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, kwa Kiswahili chake cha kuchomekea Kifaransa, “mais” kwa lakini na “donc” kwa basi. "Nikawaza, bale batu batalala kwa kitanda yangu, batakula kuku yangu. Mais ndimu yangu hapana. Nikapanda juu ya muti na huu uzee wangu."

Mdogo wangu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Mama hakucheka. Alimpokea vizuri, alimpa kitanda chake mwenyewe, lakini kati ya wale wanawake wawili palikuwa na kitu cha siku nyingi. Mama alikuwa Mkatoliki wa Musienene, binti wa wakulima wa maharagi, na alikuwa na imani thabiti juu ya namna kila kitu kinavyotakiwa kufanywa. Shangazi aliolewa na Mprotestanti, na alisali kwa macho yaliyofumbwa na kwa muda mrefu sana, kabla ya chakula pia. Zamani, alipokuwa akitutembelea, mama alilalamika kwamba chakula kinapoa Mungu akiwa bado anasalimiwa. Sasa chakula kilikuwa kimepoa tangu mwanzo, kwa hiyo sala ya shangazi haikumdhuru mtu.

Siku ya pili ya kuwepo kwake, shangazi alionja yale maharagi yenye mawese yaliyoganda. Alitafuna, akameza.

"Wifi," alimwambia mama, "hii maharagi unaipika sawa vile utaikula ya moto. Na hautaikula ya moto. Donc ubadilishe."

"Nibadilishe namna gani?"

"Kesho uichemushe na maji tu. Hapana mafuta, hapana kukaanga. Kiisha uniachilie."

Mama alikunja uso, lakini kesho yake alichemsha maharagi bila mafuta. Ukungu ulipopasuka moto ulikuwa umekwisha kuzimwa. Shangazi alichukua maharagi, akayaosha kwa maji ya kisima mara tatu, mpaka ule ute wake mweusi ukaisha na maji yakatoka meupe. Akayamwaga juu ya ungo yajichuje. Aliniita nikae karibu. Nafikiri aliniita kwa sababu alijua mama hatakuja.

Alikata kitunguu vipande vyembamba kabisa, akakipaka chumvi kidogo, akakifinyafinya kwa vidole mpaka kikalegea, akakisuuza. "Kitunguu mubichi ni mukali," alisema. "Lazima kwanza umubembeleze." Chumvi yenyewe ilikuwa ya mwisho nyumbani, tuliitoa chini ya kopo kwa kukwangua. Kisha akakata tomati, akizishika juu ya bakuli ili maji yake yasipotee hata tone moja. Akakata majani ya seleri yaliyokuwa yakiota yenyewe karibu na mfereji. Pilipili moja, ndogo, nyekundu, aliipasua akatoa mbegu kwa ajili ya mdogo wangu. Akakamua ndimu mbili. Akachanganya maharagi ndani kwa mikono, akiyapandisha kutoka chini bila kuyaponda, akafunika bakuli kwa sahani.

"Sasa tunakula?" niliuliza.

"Hapana. Sasa inakunywa. Iache ikunywe ndimu."

Tulisubiri karibu saa nzima. Mwisho kabisa akakata avoka, yaani parachichi. Kwetu avoka zilikuwa zinaanguka tu chini ya miti, zinaliwa na nguruwe. Vita havikuweza kuzimaliza. Alichagua moja iliyokuwa bado ngumu kidogo, akaikata vipande vya mraba, akaiongeza juu kwa upole. Rangi zile ndani ya bakuli jeupe, wekundu wa tomati na ukijani wa avoka na maharagi ya madoa ya Musienene, zilinishangaza. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kinaweza kuwa na rangi.

Tulikula pamoja na viazi vitamu vilivyochemshwa alfajiri ile ile. Maharagi yalikuwa baridi, lakini sasa ubaridi wake ulikuwa na sababu. Ulikuwa kama wa maji unayokunywa ukitoka shambani. Mdogo wangu aliomba mara ya pili, halafu akaomba bakuli alambe.

Mama hakuonja. Alikula kiazi chake kikavu, na chai ya alfajiri iliyokuwa imepoa.

"Onja, wifi," shangazi alisema.

"Nimeshiba."

Akakataa siku ile na siku iliyofuata na zile zilizofuata. Kila alfajiri alichemsha maharagi kama alivyoambiwa, kwa uaminifu, na kila mchana alikula kiazi. Nilidhani ni kiburi. Nilidhani hataki kushindwa jikoni mwake na wifi yake Mprotestanti. Kwa wakati ule nilikuwa upande wa shangazi kabisa, na sikuficha. Nilikuwa nimeanza hata kufumba macho wakati wa kusali.

Ukweli niliujua siku jirani alipokuja. Alikuwa mama mmoja wa nyumba ya chini, mwema, mzito wa kusikia. Alikuja mchana kuomba jani la seleri. Akapita jikoni, akaona mafiga baridi, majivu yamelala bila cheche. Akatuona sisi tumekaa chini kwenye mkeka, tunakula chakula kisichotoa mvuke, na shangazi, mgeni aliyetoka mbali, amekaa katikati yetu na kitenge cheusi alichofunga kichwani. Jirani alisimama. Mikono yake ikaenda kichwani.

"Yoo, mama," alimwambia mama yangu. "Pole. Pole sana. Mie sikujua. Habari yake ilifika lini?"

Mama alitazama mafiga, akatazama sisi, akatazama bakuli. Naona bado uso wake, namna damu ilivyoondoka.

"Hakuna habari," alisema kwa sauti ya chini. Kisha kwa nguvu, ili yule mama asikie: "Bwana yangu hakufa! Iko Kasindi! Hakuna mutu alikufa huku!"

Jirani aliomba msamaha mara nyingi, akaondoka amesahau seleri yake. Na mama akageuka kwa shangazi.

"Unaona? Unaona sasa? Nyumba bila moto ni nyumba ya matanga. Mie nilijua tangu siku ya kwanza. Unakalisha batoto bangu chini, unabapa chakula ya baridi, sawa batu banangoja maiti. Unamwita kifo! Ni ndugu yako, na unamwita kifo!"

Kwetu msiba ukiingia, jiko la wenye msiba huzimwa, na majirani ndio wanaoleta chakula. Nilijua hivyo, kila mtoto alijua. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba kila mchana, wakati sisi tukifurahia ndimu na avoka, mama alikuwa akitazama yale majivu na kumwona baba ndani yake.

Shangazi aliweka kijiko chini. Nilitegemea angekasirika. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi kando yake.

"Ikala, wifi."

Mama hakukaa.

"Mie nilikalia matanga," shangazi alisema. "Bwana yangu alianguka mbele ya mulango yetu na risasi haikukuwa hata yake. Siku ile batu baliniletea chakula ya moto. Bugali ya moto, nyama ya moto, mboga ya moto, moshi inatoka. Na sikuweza kuimeza hata moja. Donc hapana niambie matanga iko na chakula ya namna gani. Najua." Akavuta pumzi. "Hii hapa si chakula ya mufu. Hii ni chakula ya batu banataka kuishi mpaka mwenye nyumba arudi. Nikiikata tomati, najiambia, kesho yee njo atakula. Kila siku najiambia vile. Wewe unawaza mie sina hofu? Ni mutoto wa mama yangu."

Kuku alipita kati yetu akachukua chembe. Mwishowe mama alikaa, si karibu sana na shangazi, lakini kwenye mkeka ule ule. Alichukua kijiko cha mdogo wangu, akala. Alitafuna polepole, machozi yakimtoka bila sauti, nasi tukajifanya ni pilipili.

"Inakosa kitu," alisema alipomaliza.

"Nini?"

"Bitunguu ya majani. Kwetu Musienene iko mingi. Ingekuwa nzuri."

Kuanzia hapo wakawa wanaitengeneza pamoja. Mama alileta majani ya vitunguu, shangazi akabishana naye kuhusu ndimu ngapi. Chumvi ilipoisha kabisa waliongeza pilipili, na pilipili ilipozidi waliongeza avoka. Walikuwa wakigombana kila siku, lakini sasa walikuwa wakigombania chakula, na mimi nilijifunza kwamba kuna ugomvi unaomsogeza mtu karibu.

Baba alirudi mchana wa siku ya mvua ndogo. Mimi na mdogo wangu ndio tuliomwona kwanza, mtu mwembamba anapanda njia kwa fimbo, tukamwogopa. Mapigano yalipoanza alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, akakaa upande wa pili kwa watu wasiomjua, na alipochoka kungoja akarudi kwa miguu, akipita porini mbali na barabara. Lori halikuwepo tena, wala sabuni. Viatu vyake alikuwa amevifunga kwa kamba za migomba. Mama alitoka ndani akamwona. Hakupiga kelele. Alimshika kifundo cha mkono, kama mtu anayepima kitu sokoni, na hakumwachia mpaka walipoingia ndani.

Bakuli la mchana lilikuwa tayari, linakunywa ndimu yake. Baba alilila lote, chakula cha watu wanne. Hakuuliza kwa nini ni baridi. Alisema tu, "Mulifanya nini na maharagi? Iko sawa matunda," na shangazi akafunika mdomo wake kwa kitenge.

Kisha baba akaanza kutetemeka. Nguo zake zilikuwa zimelowa, na miguu yake ilikuwa imevimba, imepasuka, vidole viwili havina kucha. Mama alipiga magoti akaitazama ile miguu. Akainuka, akaenda moja kwa moja jikoni. Nilimfuata. Alikuwa akipanga vijiti katikati ya mafiga.

"Mama," nilisema, "ni mchana."

"Najua ni muchana."

"Moshi…"

"Baba yako hataoshwa na maji ya baridi kwa nyumba yake mwenyewe."

Nilimtazama shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyejua kuliko sote. Nilimngoja amzuie. Shangazi aligeuka akatoka, na aliporudi alikuwa amebeba kuni kifuani, zile kavu zilizofichwa chini ya kitanda zisilowe. Akaziweka mbele ya mama. Wakainama wote wawili, wakapuliza.

Moshi ulipanda. Mvua ilikuwa ndogo mno kuuficha.

Maji yalipopata moto mama aliyamimina ndani ya beseni, akaweka sufuria nyingine ya maji motoni, akaanza kumwosha baba miguu pale pale jikoni. Alianza na wa kulia. Aliuosha taratibu sana, kidole kwa kidole, na baba alikuwa amefumba macho, kichwa kwenye ukuta. Alikuwa bado hajagusa wa kushoto wakati askari wawili walipoingia kwa mlango wa nyuma.

Mmoja alikwenda kwenye sufuria, akafunua. Akatazama ndani muda mrefu.

"Maji?" alisema. "Maji tu?"

"Ngojeni," shangazi alisema. "Ngojeni kidogo, bazee, chakula iko. Tutatengeneza sasa hivi." Alikuwa amekwisha kushika kisu na tomati, tomati ikamponyoka ikaviringika hadi kwenye kiatu cha askari. Lakini maharagi hayakuwepo. Baba alikuwa ameyamaliza.

Yule askari alimtazama baba. "Huyu mwanaume atatubebea," alisema. "Papa, simama. Noki, noki," yaani haraka, haraka.

Mama aliwaonyesha miguu ya baba. Aliwaambia ametembea kutoka Kasindi, hawezi. Walisema kama aliweza kutoka Kasindi, ataweza kufika Musienene. Baba alisimama mwenyewe. Nadhani alisimama haraka ili wasimguse mama. Wakaondoka naye, mguu mmoja safi, mwingine na tope la njia nzima, na mama akabaki amepiga magoti mbele ya beseni lililokuwa bado linatoa mvuke.

Siku tatu zilizofuata sizikumbuki vizuri. Nakumbuka kwamba hakuna aliyesema neno juu ya moto. Nakumbuka shangazi alichemsha maharagi alfajiri peke yake, akayachanganya, akatulisha mimi na mdogo wangu, na mama alikuwa amelala akitazama ukuta. Nilikuwa na hasira naye. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nikijiambia: alionywa, alijua, kwa ajili ya maji ya miguu amempoteza. Nilingoja shangazi aseme ili niwe na ruhusa ya kusema pia.

Siku ya tatu baba alirudi. Walimbebesha sanduku la risasi hadi karibu na Musienene; huko milio ya bunduki ilisikika upande wa pili wa bonde, askari wakatawanyika, na yeye akaweka sanduku chini, akaingia shamba la maharagi lililokuwa limepanda juu ya miti yake, akalala kwenye mifereji kati ya matuta mpaka kila kitu kiliponyamaza. Bega lake la kulia lilikuwa limechunika hadi nyama. Halikupona sawa; hadi leo linaelekea chini kuliko la kushoto, na fundi akimpima koti lazima aongeze pamba upande mmoja.

Alipolala, mama na shangazi walikaa nje wakitoa mawe kwenye maharagi ya kuloweka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Ni mie niliwasha," mama alisema.

Shangazi aliendelea kuchagua.

"Ulinifundisha yote, na ni mie niliwasha. Sema. Afazali useme."

"Niseme nini? Kuni ililetwa na nani?"

Mama alitoa jiwe moja, akalitupa uani.

"Ni mie nilileta kuni, wifi. Na mikono yangu. Moto ni ya wewe, kuni ni yangu. Tugawane." Akamsogezea ungo. "Hii upande yako iko na mawe mingi. Angalia muzuri."

Sikusikia tena neno juu ya jambo lile kwa miaka yote waliyobaki kuwa mawifi. Shangazi alikaa nasi mpaka barabara ilipofunguka, akarudi Mulekera, akakuta nyumba yake bila milango na bila mti wa ndimu, maana askari waliukata wapate kuni. Akapanda mwingine.

Mimi nilikua, nikaolewa, nikawa na jiko la makaa lisilotoa moshi mwingi, na watoto wasiojua kwamba kuna haja ya kuuogopa. Joto likizidi au nikichoka kupika, nachanganya maharagi baridi na tomati na ndimu, na wao wanayaita saladi. Kwa miaka mingi sikuwaambia. Nilikuwa bado sijajua niiseme vipi sehemu ya mama. Nilipokuwa msichana niliona kosa tu. Baadaye, mtoto wangu wa kwanza alipougua nikamfanyia mambo ambayo muuguzi alinikataza kwa maneno yaliyo wazi, nilianza kuliona lile beseni kwa namna nyingine.

Nilimtembelea shangazi Beni alipokuwa amezeeka, haoni vizuri. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza lake, pikipiki zikipita barabarani na vumbi lake. Nikathubutu kumwuliza kile ambacho sikuwahi kumwuliza mtu.

"Shangazi, ile siku ya kuni. Ulijua bale askari batakuya?"

"Nilijua banaweza kuya."

"Basi juu ya nini hukumukataza mama?"

Alikuwa na tabia ya kufumba macho anapofikiri, kama anasali, na usingeweza kujua amemaliza lipi ameanza lipi.

"Nilimukataza siku ngapi?" alisema. "Moto, hapana. Mafuta, hapana. Kulia, hapana, batoto banakuona. Na yee alikubali yote. Mutu akikubali vile, siku moja anataka kufanya kitu moja ya mapenzi yake. Nikawaza, kama nitakataza hii pia, atabaki na nini?"

Halafu akaniambia nisimame, nikamwangalizie mihogo yake nyuma ya nyumba, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wameanza kuingia na macho yake hayakuweza tena kuwaona kwa mbali. Nikaenda. Walikuwemo wawili, nikawafukuza kwa mawe.